Bunduki Mpya, Mafuta ya Sangara

Saa moja asubuhi, Bernadeta Chenge ananusa bunduki.

Amesimama mlangoni mwa ghala la silaha, nyuma ya uzio wa mabati hapa Mwanza, na walinzi waliorudi kutoka ziwani wamepanga foleni mbele yake. Kila mmoja anatoa risasi, anaonyesha chemba tupu, anakabidhi. Bernadeta anavuta mkono wa kukokia, anasogeza pua, anatikisa kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii umeipaka nini, Elias?"

"Si unajua mwenyewe, mama."

Anajua. Bunduki ya Elias inanuka sangara, kama ilivyonuka ya aliyemtangulia na kama itakavyonuka ya anayemfuata. Mafuta ya samaki yameingia kwenye vyuma, yamekauka, yamekuwa gundi. Bernadeta anachukua kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani alichonunua mwenyewe sokoni, anaanza kukwangua.

Ana miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Magu. Silaha alijifunza JKT, na wakati wa vita vya Kagera alikuwa fundi nyuma ya mstari, akifungua na kufunga bunduki za waliokuwa mbele. Leo anafanya kazi hiyohiyo katika kampuni binafsi ya ulinzi, moja kati ya nyingi zilizochipuka tangu milango ya biashara ifunguliwe. Kampuni yake inalinda maboti yanayokusanya sangara visiwani na kuwaleta kwenye viwanda vya minofu. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Majambazi hawana haja na samaki, wanataka injini za boti.

Mkurugenzi ameomba jina la kampuni lisiandikwe, kwa kuwa kuna shauri ofisi ya kazi. Sawa, haliandikwi. Jovinary Kahigwa, aliyepoteza mkono wa kulia akiilinda injini ya watu, ameomba jina lake liandikwe, tena lote.

Mambo yalianza mwaka jana, 1996, pale kampuni ilipotaka kubadilisha silaha. Mkurugenzi alimchukua Bernadeta hadi uwanja wa shabaha chini ya mawe, ng'ambo ya Kisesa, wakiwa na bunduki mbili. Zote ni za kujipakia zenyewe: ukivuta kwa kidole inatoka risasi moja, nyingine inaingia. Ya kwanza ilikuwa SAR, ile ya Kichina yenye kitako cha mbao, ambayo walinzi wameizoea. Ya pili ilikuwa mpya kutoka Ulaya, nyeusi tii.

"Mimi sina chuki na bunduki mpya," anasema Bernadeta. "Kwa shabaha, ile mpya inaishinda SAR mbali kabisa. Mita mia, SAR ilitawanya risasi zake kwenye eneo la sinia. Mpya ilizikusanya zote ndani ya kisahani cha chai. Nilifurahi mwenyewe."

Kisha akaomba ndoo ya maji ya ziwa na mchanga wa mwaloni, pale maboti yanaposhushia samaki. Akazichovya zote mbili, akazitikisa, akapiga tena. SAR ilimaliza risasi zake kumi bila kusita. Mpya ilikwama kwenye ya tatu.

Anaeleza sababu huku akitingisha SAR iliyo mkononi, na vyuma vinagongana ndani. "Unasikia? Hii vyuma vyake vimelegea kidogo. Ndiyo maana hailengi sana, na ndiyo maana mchanga ukiingia unapata pa kukaa, yenyewe inaendelea na kazi. Ile mpya kila chuma kimembana mwenzake. Shabaha yake inatoka hapohapo. Lakini uchafu ukiingia hauna pa kwenda."

Akaifuta ile mpya, akaipaka mafuta halisi ya silaha, akaijaribu tena. Ilipiga zote bila shida. Basi Bernadeta akamshauri bosi wake anunue bunduki mpya, pamoja na mafuta yake, na mifuko ya mpira ya kuzifunika botini.

"Nilisema bunduki na mafuta. Wao walisikia bunduki," anasema.

Bunduki zilikuja. SAR zikauzwa. Mafuta, ikasemwa, yako njiani kutoka Dar es Salaam, na mpaka leo yako njiani. Chupa moja ya mafuta hayo, bei yake haifiki kreti ya soda, na kampuni inayonunua bunduki kwa fedha za kigeni imeshindwa kuinunua. Inatia hasira hata kuiandika.

Ziwani mambo hayasubiri. Asubuhi umande, mchana mawimbi, na baada ya siku mbili chuma kinaanza kuota kutu. Walinzi wakafanya walichokuwa wakifanya siku zote kwa SAR: wakapaka mafuta ya sangara. Hapa Mwanza mafuta hayo ndiyo dawa ya kila kitu. Yanawasha koroboi, yanalainisha bawaba za milango, yanapakwa kwenye miguu iliyopasuka. SAR iliyavumilia miaka yote, ikanuka tu. Ile mpya haikuyavumilia.

Jovinary anaishi Igoma na mkewe, Specioza. Ni Mhaya wa Muleba, mtu wa maneno machache, na mkono wa kulia wa shati lake umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Ilikuwa mchana kweupe, tunatoka kisiwani na shehena," anasimulia. "Boti mbili zikatujia, moja kila upande. Nikapiga ya kwanza juu, wakasita. Wangeondoka, najua wangeondoka. Nikalenga ya pili, kimya. Ganda la risasi limebaki mlangoni, nusu ndani nusu nje. Navuta, haliji. Walipoona nahangaika wakajua."

Risasi ilipasua kiwiko. Injini ilichukuliwa. Hospitali walijitahidi, wakashindwa kuuokoa mkono.

Kabla hajatoka wodini, kampuni ilishamfukuza kazi. Sababu: uzembe katika kutunza silaha. Mzembe hana kiinua mgongo wala fidia. Na ofisa aliyepeleka habari hiyo wodini alimgeukia Specioza, aliyekuwa ameshika bakuli la uji, akamwambia: wewe ndiye uliyemharibia mumeo bunduki.

Maana Specioza hukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara wanayotupa wenye viwanda baada ya kuchukua minofu yao. Mafuta yanayojichuja kwenye karai aliyatia kwenye kichupa na kumpa mumewe kila safari.

"Nilimwekea kama mtu anavyomwekea mumewe chakula cha njiani," anasema Specioza. "Nilikuwa nayachuja kwa kitambaa safi, yasiwe na mchanga."

Tangu siku ile hajakaanga tena. Karai limeinamishwa nje ya nyumba, kuku wanalala chini yake. Chakula wanaletewa na shemeji.

Ofisini kwake, mkurugenzi alimpokea mwandishi kwa adabu. "Silaha ukikabidhiwa ni yako," alisema. "Kuitunza ni juu yako."

Aitunze kwa kitu gani?

"Hilo ni suala la ndani ya kampuni."

Nje, mwandishi alimwomba mlinzi wa geti la mkurugenzi ruhusa ya kunusa bunduki yake. Ilikuwa aina ileile mpya. Haikunuka samaki hata kidogo. Ilinukia mafuta ya dukani, na ilikuwa inang'aa.

Shauri ambalo Jovinary amelipeleka ofisi ya kazi litasikilizwa Alhamisi. Wiki iliyopita Bernadeta aliitwa ofisini, akaambiwa aende akaseme jambo moja tu: bunduki ya Jovinary ilikutwa chafu. Akisema hivyo, atapandishwa cheo. Asiposema, kuna vijana wengi wanaotaka kazi yake. Ana watoto wanne, na mume wake alipunguzwa kazi kwenye ginari ya pamba.

"Unaogopa?" mwandishi anamuuliza.

"Naogopa sana. Dorcas wangu yuko kidato cha tatu."

Foleni imekwisha, bunduki ya Elias imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia.

"Nitakwenda, na nitasema walichoniambia. Ilikuwa chafu, ni kweli, niliipokea mimi mwenyewe ikiwa na damu. Halafu sitakaa chini. Nitasema kwa nini ilikuwa chafu, na nani niliyemwomba mafuta, na mara ngapi."

Wakimfukuza, kuna shamba la mpunga Magu. Hilo amekwisha kulizungumza na mumewe. Anachokitaka ni Jovinary alipwe haki yake, na kitu kingine ambacho hakimo kwenye shauri.

"Nimemwambia Specioza avae vizuri, akae benchi la mbele. Yule ofisa aliyemwambia maneno yale wodini atakuwepo. Nataka mkurugenzi aulizwe mafuta yalikuwa kazi ya nani, ajibu kwa mdomo wake, na yule mama asikie."

Anaifunga bunduki ya Elias, anaikoki mara mbili, anasikiliza. Kisha anaitundika ukutani na kukitikisa kile kichupa cha mafuta ya cherehani. Kimebaki tone tu, na bunduki nyingine tano bado zinanuka.