Kidole cha Kipa Antoine

Baba yangu Antoine anaendesha lori la mgodi wa Fungurume, na Jumapili ni kipa wa timu ya madereva hapa Kolwezi. Kila mpira ukigonga mwamba wa goli, anaapa kwamba ni yeye aliyeusukuma kwa kidole. Wenzake wakicheka, anayewaka ni mama yangu Laurentine.

Siku moja Mama akamrekodi video kwa simu, kisha tukaitazama picha kwa picha. Katika picha moja mpira ulikuwa mbele ya mkono. Katika iliyofuata ulikuwa umeshapita.

“Punguza mwendo!” Baba akasema.

“Mwendo gani?” Mama akafoka. “Simu ilipiga picha makumi tatu tu mu sekunde moja. Ile ya kidole haikupigwa. Nitaitoa wapi?”

Jumapili iliyofuata aliiweka simu ipige picha mia mbili na arobaini kwa sekunde. Mpira ukagonga mwamba, Baba akaapa. Mama akaitazama video polepole, nami nikichungulia begani mwake. Kati ya kidole na mpira ngumi nzima ingepita.

Akaifuta.

“Uliona?” Baba akauliza, akihema.

“Simu ilijaa, tata,” Mama akamjibu mumewe. “Lakini mi niliona na macho yangu. Uligusa.”