Shingo ya Elisaria

Elisaria wa mtaa wa Sakina, karani wa ofisi moja mjini, alikuwa na pikipiki yake na hofu moja kubwa: kudhaniwa bodaboda. Kwa hiyo aliendesha na tai shingoni, mgongo wima kama mlingoti, mabega juu, kidevu kimeinuka. Akipungiwa mkono na abiria, hageuki. Jioni shingo ilikakamaa, hata ili kumtazama mkewe ilimbidi ageuke mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Mkewe, Hanna, akachoka kumchua. "Baba Joel, shusha mabega, kunja viwiko kidogo, legeza shingo. Mbona wenzako wanashinda barabarani na hawalalamiki?"

"Wenzangu?" akafoka. "Wenzangu wako ofisini!"

Lakini maumivu hayajui cheo. Asubuhi moja akatii, akaendesha amelegea, raha mustarehe. Aliposimama kupisha lori, mama mmoja mtu mzima akajipandia nyuma na kikapu chake.

"Nipeleke Kijenge, mwanangu. Taratibu."

Utamshushaje mama aliyekwisha kukaa? Akamwamkia shikamoo, akampeleka.

"Ubarikiwe," mama alisema akishuka. "Leo nimepata boda anayejua kukaa."

Kesho yake Elisaria alitoka nyumbani wima kama mlingoti, chupa ya dawa ya kuchua mfukoni.