Pua ya Mtaa

Katika mtaa wa watu waliotoka kisiwa cha Krete, hakuna anayethubutu kutia jembe kwenye kingo za bustani yake kabla Bi Nadire hajapita. Mawaridi yangoje, na yasmini nayo ingoje. Kwanza ijulikane ni nini kilichoota chenyewe wakati wa mvua, kando ya maua, chini ya kuta na pembeni mwa mabomba, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda kitu. Kuna watu huko duniani huviita vitu hivyo magugu. Ole wake atakayelitamka neno hilo mbele ya Bi Nadire.

"Magugu ndiyo nini?" humuuliza. "Wewe una jina, marehemu babu yako alikuwa na jina, na hilo jani nalo lina jina lake. Liheshimu."

Wenyeji wa mji, wale waliokuwepo kabla ya meli kutushusha, wana mzaha wao. Ng'ombe na Mkrete wameingia shambani, umfukuze nani kwanza? Mkrete, kwa sababu ng'ombe akishiba huacha. Bi Nadire huusimulia mzaha huo yeye mwenyewe kabla mgeni hajaufikia. Bibi yake alishuka melini na bakuli la shaba na njaa yake, akaona chakula kimejaa kando ya nyua za watu, kinakanyagwa na mbuzi. Akainama, akachuma, akachemsha, akamwagia mafuta ya zeituni na ndimu. Wenyeji wakamcheka. Baadaye wake zao wakaja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma kuomba wafundishwe.

"Na sisi bado tupo," Bi Nadire humalizia. "Ng'ombe wao wako wapi?"

Kwa hiyo kila mwaka, baridi inapoanza kulegea na mlozi kuchanua, wanawake wa mtaa hukusanyika asubuhi na kupita bustani kwa bustani. Bi Nadire ndiye hutangulia. Huchuma jani, hulisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, hufumba macho, hunusa, hutaja. Likiwa la kuliwa, hulitupa kapuni, na mwenye bustani huchuma yaliyobaki ya jinsi hiyo. Mchana mikate iliyojazwa majani hayo huokwa, na mtaa mzima hula pamoja. Likiwa la sumu, hung'olewa kwa kitambaa na kuchomwa moto. Akishataja yeye, hakuna anayenusa tena. Kunusa baada ya mzee ni kumwambia usoni kwamba ni mwongo, na kwetu mambo hayo hayafanywi.

Walimwita Pua ya Mtaa. Alijifanya kulichukia jina hilo, lakini siku akilisikia alitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Mwaka ninaousimulia, pua hiyo ilikuwa imekufa.

Mafua ya majira ya baridi yalimlaza kitandani, na alipoinuka kila kitu kilimrudia isipokuwa harufu. Kahawa ikawa maji machungu ya moto. Sabuni, kitunguu, moshi, nywele za wajukuu, vyote vikanyamaza. Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba pua ni kama mguu uliokufa ganzi, ukiuacha utazinduka wenyewe. Siku ya kupita bustani ikafika, na haikuwa imezinduka.

Angeweza kujilaza akasingizia mgongo. Lakini ni nani angepita badala yake? Refia? Refia wa nyumba ya pembeni, mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha mchinjaji, amekuwa akiingoja nafasi hiyo tangu walipokuwa wasichana. Bi Nadire akafunga kilemba chake cha sikukuu, akamwita mkaza mwanawe abebe kapu.

Mkaza mwana huyo aliitwa Döndü, na alikuwa mtu wa bara, kutoka nyanda za ngano, kule ambako mtu asipoona nyama kwenye sahani hudhani chakula hakijaletwa. Alikuwa mkimya, mwenye mikono mikubwa, na miaka yote tangu aolewe alikuwa akilibeba kapu nyuma ya mama mkwe wake bila kuongeza neno. Mtaa ulimzoea kama unavyozoea mlango.

Bustani za kwanza zilikwenda vizuri, vizuri mno. Bi Nadire alikuwa na macho yake na vidole vyake, na hivyo pekee vinatosha kwa mengi.

"Mchunga," alisema, akalitupa kapuni. "Haradali, imezeeka kidogo, ichemsheni mara mbili kwa maji mapya. Hii je? Shamari mwitu! Jamani, hata shamari mnataka niwatajie? Mnafanya nini mwaka mzima?"

Wanawake walicheka. Alifumba macho kila mara, akavuta pumzi kwa madaha, na hakuna aliyeona kwamba pumzi ile ilirudi mikono mitupu. Alianza kujiambia kwamba labda pua haikuwa na maana kubwa kiasi hicho.

Kisha wakaingia kwa Refia.

"Karibu dada Nadire, karibu," Refia alisema akiwa ameshika kiuno. "Mwaka huu kingo zangu zimenenepa kuliko mimi. Nimeleta udongo mpya wa kutoka mtoni kwa ajili ya mawaridi, lori zima. Tazama mwenyewe."

Ni kweli, chini ya mawaridi ya Refia kulikuwa na kijani kingi. Kati yake kulikuwa na kichaka cha majani membamba, yaliyochanikachanika kama manyoya ya kifaranga. Kwetu kuna mmea wenye majani ya namna hiyo uitwao majani ya sindano, kwa sababu ya mbegu zake ndefu zilizochongoka, na mikate yetu haikamiliki bila huo. Bi Nadire aliinama, akachuma ncha, akasugua. Akafumba macho, akanusa. Hakuna kitu. Vidole vyake vilihisi kikonyo laini, kinachoteleza, na majani ya sindano yana vinywele. Vidole vilimwambia hivyo waziwazi. Naye akavijibu kwamba ni umande.

Angeweza kusema hajui. Lakini Refia alikuwa amesimama pale pale, kichwa ameinamisha upande, anangoja.

"Majani ya sindano," alisema Bi Nadire. "Na mazuri kweli."

"Nilijua!" Refia akafurahi. "Udongo wa mtoni huo, nyie chezeni."

Bi Nadire akalirusha jani kapuni na kugeuka. Ila jicho la mama mkwe halilali. Kwa pembe ya jicho alimwona Döndü akiliokota lile jani kutoka kapuni, akilipitisha haraka puani, kisha akilitia mfukoni mwa aproni.

Hasira ikampanda mpaka masikioni. Mbele za watu! aliwaza. Mtoto huyu niliyemwonyesha tofauti ya jani na jani, leo ananusa nyuma yangu! Alingoja mpaka wanawake walipotoka uani kuelekea nyumba inayofuata, akamvuta Döndü kwenye kona ya ukuta.

"Toa ulichoficha."

"Mama, nisamehe."

"Nimekuomba jani, sijakuomba msamaha."

Döndü akalitoa. Alisema kwa sauti ya chini, macho akiyatazama mawe. "Mama, hili si majani ya sindano. Linanuka mkojo wa panya. Kwetu linaota kando ya mifereji. Lilimuua ng'ombe wa baba, yule wa maziwa. Alilegea miguu, tukadhani amechoka. Ganzi ikapanda, ikapanda, mpaka pumzi ikakata."

Bi Nadire akalitazama jani kiganjani. Sasa, kwenye mwanga wa barabara, aliyaona madoa ya zambarau kwenye kikonyo, madogo kama chawa. Aliyajua madoa hayo tangu utoto. Bibi yake alimchapa kofi siku alipoyagusa. Akashika ukuta.

"Mama, hunusi," Döndü alisema. "Nimejua tangu siku maziwa yalipoungua. Ulikuwa umekaa ubavuni mwa jiko, ukaniuliza kwa nini nakimbia."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje?"

Kisha Döndü akasema, haraka, kama mtu aliyelifikiria jambo kwa siku nyingi. "Tufanye hivi. Mimi niko nyuma yako na kapu. Ukitupa jani nitalinusa. Likiwa baya nitakohoa, nawe utasema umelitazama tena. Hakuna atakayejua. Hata mwanao sitamwambia. Wewe ni Pua ya Mtaa, mama, utabaki kuwa hivyo."

Lilikuwa pendekezo tamu, na Bi Nadire alilitamani, tusimsingizie utakatifu. Aliona mwaka huu ukipita salama, na mwakani, na jina lake likimfuata mpaka kaburini likiwa safi. Alikuwa tayari amefungua mdomo kukubali.

Mdomo ukabaki wazi. "Refia yuko wapi?"

Walitazama barabarani. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye lango la nyumba inayofuata, wanawangoja. Refia hakuwemo.

"Amebaki jikoni kwake, anatangulia kukata majani," mmoja akajibu. "Wajukuu zake wana njaa, anataka kuwaokea mkate wa kwanza."

Kwa umri wake Bi Nadire hakupaswa kukimbia, na kwa hadhi yake pia. Alikimbia. Kilemba kilimdondoka mlangoni, hakurudi kukiokota. Refia alikuwa jikoni, kisu mkononi, ubao mbele yake umejaa kijani kilichokatwakatwa, na mezani wajukuu wawili wanachezea unga.

"Weka kisu chini, Refia."

"Kuna nini? Umenifukuzia mwizi?"

Wanawake wengine walikuwa wamejaa mlangoni, wanahema. Bado palikuwa na mwanya. Angeweza kusema mwanga ulikuwa mbaya, au macho ya uzee yamemcheza. Mtaa ungemsamehe kwa moyo mmoja. Bi Nadire alinyoosha mgongo.

"Hiyo ni sumu. Ni baldıran," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea kuitaja. Na sikukosea kwa bahati mbaya. Sinusi kitu tangu mafua. Asubuhi yote nimewafanyia maigizo, kwa sababu niliona aibu."

Refia aliangalia ubao, akaangalia wajukuu, akawashika mikono na kuwatazama vidole kimoja kimoja. Hawakuwa wamegusa. Akazoa kijani chote kwa gazeti, akaosha kisu, ubao na mikono yake mpaka viwikoni. Kisha akaketi, na alipoketi ulimi ukamrudia.

"Basi mtaa wa Wakrete umebaki bila pua. Wenyeji wakisikia watachinja kondoo."

"Haujabaki bila pua." Bi Nadire alimshika Döndü kifundo cha mkono, akamvuta mbele. "Pua hii hapa. Huyu ndiye aliyenusa. Mimi nilisema chakula, yeye akajua ni kifo."

"Huyu?" Refia akapiga paja. "Huyu wa bara? Si ndiye aliyeletewa sahani siku ya kwanza akauliza, 'Haya ni mapambo, chakula kinakuja lini?'"

Kicheko kilipasuka jikoni, na Döndü naye akacheka mpaka akajifunika uso kwa aproni.

"Ndiye huyo huyo," Bi Nadire akasema. "Na leo wajukuu zako watakula kwa sababu yake. Endelea kumcheka."

Refia hakuendelea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wenyeji wengi hutaka wapone kwanza ndipo wamkaribishe mgeni. Refia aliinuka, akammiminia Döndü chai kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote, na katika nyumba ile hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kapu likamwagwa mezani. Döndü akanusa jani moja moja, na Bi Nadire akasimama kando, mikono nyuma, moyo unamdunda kama wa mwanafunzi. Yote yaliyobaki yalikuwa sahihi. Macho na vidole vyake havikumwangusha, isipokuwa pale alipokataa kuvisikiliza.

Wakatoka kumalizia bustani. Kwenye nyumba iliyofuata Refia aliwatangulia wote mpaka chini ya ukuta, akapekua nyuma ya mnanaa, akachuma jani dogo lenye mshipa mwekundu na kumsogezea Döndü puani.

"Haya, Pua mpya. Tuambie."

Döndü akalisugua. Akanusa, akaligeuza, akanusa tena upande wa chini. Wanawake walisogea. Akamtupia jicho mama mkwe wake, lakini Bi Nadire aligeuzia uso ukutani kwa makusudi, akawa anatazama mjusi.

Döndü alikuwa amewiva uso mzima.

"Silijui," alisema. "Tuliache lichanue, kisha tuone."

Refia alifungua mdomo kusema lake, lakini Bi Nadire alikuwa ameshageuka. Hakukumbuka kilemba, hakukumbuka aibu. Fahari iliyomjaa kifuani ilikuwa kubwa kuliko ile ya miaka yote aliyotangulia mbele ya wanawake hawa, kwa sababu katika miaka yote hiyo yeye hakuwahi kulitamka neno lile hata mara moja.

"Mmesikia?" alisema, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Mmemsikia mwanangu? Basi huyo ndiye wa kula mkononi mwake, ninyi na wajukuu zenu."