Balozi wa Cherehani Tatu

Duka lilikuwa na vyumba viwili na mjumbe wa katikati. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama: yeye ndiye aliyepokea wateja, akawapima kwa tepe, akakata kitambaa kwa mkasi mkubwa ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama mdogo, mshonaji na mpiga pasi, mwenye cherehani mbili na redio iliyopiga kelele kuanzia mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Katikati palikuwa na ujia mwembamba wenye pazia la kujaribia nguo, na kando ya pazia, cherehani ya tatu imefunikwa shuka jeupe.

Mjumbe wa katikati alikuwa binti wa mama, msichana aliyemaliza shule na kukosa wa kumlipia chuo. Wateja walimwita Balozi, naye alishazoea, hata akiitwa jina lake alichelewa kuitika.

Mama na mama mdogo, ndugu wa tumbo moja, walikuwa hawasemeshani. Ugomvi ulikuwa juu ya ile cherehani iliyofunikwa. Ilikuwa ya bibi, mama yao, na bibi alipozikwa kila mmoja alidai kwamba marehemu amemwachia yeye. Mmoja akamwita mwenzake mwongo, wa pili akajibu mwizi, mbele ya watu waliokuja kutoa pole. Tangu siku hiyo hawakupikika chungu kimoja. Duka lenyewe wangeligawana, ila mmoja alijua kukata tu na wa pili kushona tu, kwa hiyo walihitajiana kuliko watu wanaopendana.

Ndipo Balozi alipopewa cheo. Alianza akiwa mtoto mdogo wa sare ya shule, na alijifunza kazi haraka. Mama akisema, "Mwambie huyo wa huko nyuma ashone hii suruali, asilale," Balozi alivuka ujia, akapunguza redio kidogo, akasema, "Mama anaomba hii ukipata nafasi." Mama mdogo akijibu, "Kamwambie mama yako kola ameikata kama anakata mboga," Balozi alirudi mbele na kusema, "Mama mdogo anauliza kama unaweza kuiangalia kola tena kidogo." Kola inaangaliwa, suruali inashonwa, mteja anavaa, anaondoka. Redio ilikuwa kinga ya mama mdogo asimsikie dada yake, na Balozi alikuwa kinga ya wote wawili wasisikiane kabisa.

Aliyemfumania alikuwa mteja mmoja, mhadhiri wa kike aliyekuja kupunguziwa sketi. Alikuwa nyuma ya pazia, katikati kabisa, mahali ambapo mtu husikia maneno yakitoka na kisha husikia yakifika. Alitoka pale sketi imekaa upande, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Wewe binti ni mhuni," alisema. "Yule kasema moto, wewe umepeleka maji."

"Nifanyeje, mwalimu? Wakisikiana hapa hapatakalika."

Mhadhiri akaacha kucheka. Akamweleza kwamba chuoni kwao kuna kozi ya majadiliano na usuluhishi wa migogoro, na kwamba kuna ufadhili kwa vijana wanaofanya kazi hiyo mitaani bila kujua ina jina. Ada inalipwa, malazi yanalipwa, vitabu vinatolewa. Usaili ulikuwa karibu.

Balozi hakulala vizuri wiki ile. Alikuwa amejizoesha kutotaka kitu, kwa sababu kutaka bila uwezo kunachosha, na sasa kitu kimekuja kimemgusa bega. Alitaka kusoma. Alitaka hivyo kwa namna iliyomtia aibu, kama mtu mwenye njaa kwenye nyumba ya watu. Akamwambia mama.

Mama aliendelea kukata. Mkasi ulifika mwisho wa kitambaa ndipo akasema, "Na ukienda, nani ataongea na yule?"

Alipoenda nyuma kumwambia mama mdogo, alijibiwa kwa swali hilohilo, isipokuwa "yule" alikuwa mwingine.

Hata hivyo akaenda kwenye usaili. Chumba kilikuwa na meza ndefu na wasaili watatu, na aliyeongoza alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Kazi ilikuwa ya kuigiza. Chumba cha upande wa kulia alikuwamo mtu anayejifanya mwenye nyumba, cha kushoto anayejifanya mpangaji, nao wamegombana juu ya paa linalovuja. Balozi aende huku na huku awapatanishe.

Kusema kweli, alikaribia kucheka. Hii si kazi, alijisemea, hii ni Jumatatu asubuhi dukani. Mwenye nyumba alifoka kwamba mpangaji ni mchafu, aondoke mwisho wa mwezi. Balozi alivuka, akasema, "Mwenye nyumba anafikiria kufanya mabadiliko kwenye nyumba." Mpangaji alisema hatoki hata kwa polisi mpaka paa litengenezwe. Balozi akarudi, akasema, "Mpangaji yuko tayari kuelewana kuhusu mabadiliko." Baada ya muda mfupi kila mmoja katulia, kila mmoja anatikisa kichwa kukubali. Balozi akarudi mezani kifua mbele, akatangaza kwamba wamekubaliana.

Msaili mwenye miwani akaita wote wawili waingie pamoja. Akamuuliza mwenye nyumba wamekubaliana nini. "Anahama," alisema mwenye nyumba. Akamuuliza mpangaji. "Anatengeneza paa, na mimi nabaki," alisema mpangaji.

Balozi alitamani ardhi ipasuke.

"Binti," alisema yule mama, bila ukali, "una masikio mazuri. Umesikia kila kitu. Ila hujafikisha hata kimoja. Nani amekufundisha hivi?"

Angeweza kutunga kitu, maana kutunga ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini alikuwa amechoka ghafla, akasema ukweli: nyumbani ndivyo anavyofanya, na akifikisha maneno yalivyo duka litawaka moto. Wasaili wawili walitabasamu. Mwenye miwani hakutabasamu.

"Miaka yote hiyo halijawaka?"

"Halijawaka."

"Na limewahi kupoa?"

Yule mama akaandika kitu, akamwambia nafasi imebaki moja na wanaoigombea ni wawili. Arudi wiki ijayo. "Mara hii utuletee maneno kama yalivyosemwa."

Njia nzima ya kurudi alikuwa akibishana na yule mama kichwani, na kila mara alishindwa yeye. Alikumbuka idadi ya sikukuu ambazo familia ilikula kwa mafungu mawili. Alikumbuka kwamba alijisifu kimoyomoyo kila jioni mlango ulipofungwa bila vurugu. Amani aliyoitunza ilikuwa ni yeye tu akikimbia huku na huko, na akisimama inakwisha. Jambo hilo lilimuuma sana.

Kesho yake mama alikuwa anahitaji pasi ya akiba, ambayo mama mdogo alikuwa ameihodhi nyuma.

"Kamwambie huyo aitoe hiyo pasi. Hakuachiwa na baba yake." Hapo mama alisahau kwamba baba yao alikuwa mmoja.

Balozi alivuka ujia. Aliipita ile cherehani ya bibi bila kuitazama. Aliifikia redio, akaipunguza.

"Mama amesema: 'Aitoe hiyo pasi. Hakuachiwa na baba yake.'"

Mama mdogo alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Amesema nini?"

Balozi akarudia. Mama mdogo akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akanyoosha mkono, akazima redio. Kimya kilichofuata kilikuwa kigeni kiasi kwamba mama, huko mbele, aliacha kukata.

"Haya. Kamwambie mama yako mwizi hana haki ya kuuliza pasi iko wapi."

Balozi akaenda, akafikisha. Mama akawa mwekundu wa macho, akauliza kama kweli limetoka neno mwizi, akaambiwa limetoka. "Kamwambie mwongo wa mchana kweupe ni yeye, aliyemsingizia marehemu!" Balozi akafikisha. Mteja aliyekuwa mlangoni na nguo yake mkononi aliamua kurudi siku nyingine.

"Nimemsingizia mimi?" Mama mdogo alikuwa amesimama sasa. "Kamwambie, mama yetu aliniambia kwa mdomo wake! Namwosha miguu, akanishika mkono, akasema cherehani ni yako wewe mwanangu, ila usimwambie dada yako, atasikitika."

Balozi alianza kutembea, kisha akasimama katikati ya ujia, kwa sababu maneno yalikuwa mazito na alitaka kuyabeba yote asidondoshe. Alimfikia mama. Akasema neno kwa neno: miguu, mkono, mwanangu, usimwambie dada yako, atasikitika.

Mkasi ulikuwa wazi mkononi mwa mama na hakuufunga. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nilikuwa namchana nywele," alisema. "Akaniambia cherehani ni yangu. Akasema usimwambie mdogo wako, atasikitika."

Balozi akageuka ili apeleke. Hakuwa na haja. Mama mdogo alikuwa ameshafika kwenye ujia, ameshika pazia, na alikuwa amesikia mwenyewe.

Wakatazamana. Watu wawili wazima, kila mmoja miaka yote akiamini mwenzake ni mwongo, na hapakuwa na mwongo kati yao. Bibi alikuwa mtu mwema. Hakuna aliyetoka chumbani kwake akilia, na mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Balozi alimkumbuka akimwambia hata yeye, mjukuu, jambo tamu sikioni, na sasa alijua alikotoa ulimi wake.

"Mama yetu jamani," alisema mama mdogo, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Mama alikwenda kujifungia chooni na hakutoka mpaka jioni.

Usidhani walikumbatiana. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za redio. Kila mmoja alikuwa na hasira na hakuwa na wa kumpa, maana aliyestahili alishatangulia. Walikuwa wakianza, "Mwambie..." halafu wanaishia hapo, na Balozi anabaki amesimama ujiani kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Aliogopa kwamba amevunja kitu ambacho hakitaungika, na kwa ajili ya usaili tu.

Alirudi kwenye usaili. Safari hii waigizaji walikuwa wafanyabiashara wawili walioachana vibaya. Balozi alibeba maneno kama yalivyokuwa, makali kwa makali yake, na baada ya kila neno aliuliza, "Hapo umekusudia nini hasa?" kisha akabeba na jibu. Walifokeana mpaka ukuta ukatikisika. Muda ulipokwisha hawakuwa wamekubaliana. Kila mmoja, hata hivyo, alipoulizwa mwenzake anataka nini, alijua.

Msaili mwenye miwani aliandika, akamshukuru, akamwambia watapiga simu. Uso wake haukusema lolote. Simu ya Balozi ilikuwa imekufa kioo, akaacha namba ya mama, akatoka akiwa na hakika amekosa. Mtu gani hupewa ufadhili wa usuluhishi kwa kuacha watu wakigombana? Alirudi kwenye kigoda chake, akashona vifungo, akajifundisha upya kutotaka.

Simu iliita asubuhi moja ya kawaida. Mama alikuwa na chaki mkononi, akapokea kwa kiganja cheupe. Alisema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akasema mimi ni mama yake. Balozi alikuwa kwenye ujia, sindano imesimama hewani, akijaribu kusoma mgongo wa mama yake. Huko nyuma redio ilikuwa ikiimba tena.

Mama akakata simu. Akaweka chaki. Kisha akaja kwenye ujia, na Balozi akainuka kuambiwa.

Mama akampita. Alimpita kabisa, bega likagusana na bega, akapita pazia na cherehani ya bibi, akaingia chumba ambacho hakuwahi kukanyaga tangu msiba. Redio ikanyamaza.

"Mdogo wangu," Balozi alimsikia akisema. "Mtoto wetu amepata."