Paa la Kukunja la Gari la Mzee Filipo

Nisidanganye: kilichonitoa Runazi ni hasira. Nilikuwa kibandani kwangu nashona turubai la lori la mahindi, akaja jirani yangu Laurenti, ambaye kijana wake alikuwa amechumbia Kasulo, wilaya ya Ngara. Akaniambia wakwe zake wana gari la zamani, la wazi, lenye paa la turubai la kukunja, na ndilo litakalomleta bibi harusi. Shida ni kwamba paa lenyewe halikai. Fundi mmoja wa Ngara mjini amelitazama, akatingisha kichwa, akasema wapigilie bati yaishe.

"Nikamtajia jina lako," Laurenti akasema, "akacheka mpaka akakohoa. Anasema hiyo siyo kazi ya mwanamke."

Weee! Mimi Bernadeta, niliyevisha malori yote ya Runazi tangu marehemu baba aniachie shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea turubai, ndiye wa kuchekwa? Nilikuwa na turubai jipya la pamba, rangi ya kaki, nimelificha chini ya kitanda nikisubiri kazi ya kuringia. Nikalitoa. Nikafunga na nta ya nyuki, uzi, mkasi na kopo la pete za shaba.

Asubuhi iliyofuata nilidandia lori la mahindi. Hadi Lusahunga ni vumbi tupu, nikala vumbi mpaka meno yakawa mekundu. Turubai la lori lile nililishona mimi, kwa hiyo nilikaa juu ya magunia nikikagua mishono, na hakuna hata mmoja ulioachia. Baada ya Lusahunga tukashika lami. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, na barabara haikuwa tena ile tuliyoizoea: malori ya chakula yamefuatana, magari meupe yanapita kwa kasi, na watu wanatembea kando na kuni kichwani. Tulipoiacha Nyakahura, dereva aliacha nyimbo zake kwa sababu ya majambazi wa porini. Na mimi nikatoa rozari.

Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi, tulifika jua likiwa bado kali. Nilikuwa nimeisikia tu, sikuwa nimeiona. Vilima vizima vimevaa vibanda vya plastiki, moshi umetanda, na soko lake ni kubwa kuliko la Biharamulo mjini. Mchuuzi mmoja alinivuta mkono akanionyesha turubai la plastiki la wakimbizi.

"Mama, chukua hili. Halipitishi maji hata tone."

"Hilo ni paa la mtu," nikamwambia.

"Mwenyewe kauza."

"Na mvua ikinyesha atalala wapi? Nina la kwangu, asante." Nikakaza mzigo wangu kichwani nikaondoka. Kazi yangu ya sifa siwezi kuianza kwa kumvua mtu paa lake.

Kasulo, kwenye mji wa Mzee Filipo, baba wa bibi harusi, nilipokewa na binti mwenyewe, Skolastika, mrefu, mpole wa sauti. "Shikamoo mama," akasema, akanitua mzigo. Baba yake akatoka migombani akifuta mikono, mzee mwembamba mwenye kofia ya dereva ambayo nadhani analala nayo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyu unayemsalimia."

Alinitazama juu hadi chini, kisha akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha kukaribisha. Akanipeleka kwenye banda la migomba akavuta mkeka. Jamani! Lilikuwa gari dogo, jekundu, la wazi, lenye mabawa ya duara juu ya magurudumu. Mzee alikuwa dereva wa mzungu mmoja mpima ardhi, na yule mzungu alipoondoka nchini akamwachia. Lililala bandani miaka mingi, mpaka walipokuja wakimbizi wa Rwanda, na miongoni mwao Anastazi, fundi wa kuchomelea aliyekuwa na gereji kwao. Wao wawili ndio waliolifufua. Walilitilia injini ya pikapu, wakapunguza kimo cha bodi, na kwa kuwa kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka, wakaweka kingine kifupi. Mzee alipoliwasha, kuku walikimbia na mimi nusura niwafuate.

Sasa ndipo nikaelewa. Gari limekuwa fupi, lakini mbavu za paa, yale mabomba yanayobeba turubai, zimebaki na urefu wa zamani. Paa lilikaa kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto, na komeo zake mbili zilining'inia juu, hazikufika kwenye kioo.

"Kwa nini usipigilie bati kweli?" nikamuuliza, nimpime.

Uso ukambadilika. "Kwetu binti hatoki wazi. Anatoka kwao amefunikwa, njiani asionekane uso, na akifika kwa mumewe ndipo anafunuliwa mbele ya watu wa kule. Mama yake nilimchukua na gari hili hili. Paa lilifungwa kwao, likafunguliwa hapa uani. Marehemu aliniomba binti yake aolewe hivyo hivyo. Bati litafungukaje?"

"Na anayefunua ni nani?"

"Shangazi yake." Akavua kofia. "Dada yangu aliolewa Muyinga, ng'ambo ya mpaka. Tangu vita vya kule sijui kama yu hai. Hilo la kufunua, tutaona siku hiyo. Wewe nipe paa linalofungwa na kufunguka."

Kesho yake Anastazi alikuja kutoka kambini, mtu mnene, mcheshi, Kiswahili chake cha kuokoteza. Tuligombana kabla hata ya kumaliza kusalimiana. Yeye alitaka kukata mbavu zote sawasawa. Nikamwambia ukikata sawasawa paa litakuwa fupi, ndiyo, lakini halitakunjika, kwa sababu kila ubavu lazima ulale ndani ya mwenzake, kama sufuria zinavyopangwa, mkubwa na mdogo.

"Yewe mama, wewe umeona wapi gari kama hii?"

"Sijaona. Nimeona sufuria."

Tulikwenda bondeni tukakata matete, tukayafunga kwa kamba za migomba, tukatengeneza paa zima la matete juu ya gari. Tukawa tunakunja, tunakunjua, tunapunguza kidogo kidogo. Majirani wakaja kutazama watu wazima wanaojenga kibanda juu ya gari. Matete yalipolala yote nyuma ya kiti bila kugongana, Anastazi alinipigia saluti. Ndipo akakata chuma kwa kufuata matete, akachomelea, akatia bawaba mpya. Ule mkono wake kwenye moto, nausifu mpaka leo.

Halafu ikawa zamu yangu. Nilishona kwa furaha, uzi nimeupaka nta, mishono midogo iliyolala sawa, huku Skolastika akinishikia ncha za turubai na kuniuliza habari za Runazi: maji yako mbali? Mama mkwe ni mkali? Nilimjibu kweli tupu. Nikalipigilia turubai nyuma kwa misumari midogo, nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Sisi wa malori ndivyo tulivyofundishwa: turubai livutwe mpaka ukiligonga lilie kama ngoma. Nikaligonga, likalia. Komeo zikaingia kwenye kioo, taka, taka. Mzee Filipo alifunga na kufungua mpaka nikamwambia aliache lipumzike. Siku hiyo nilikula ndizi na maharage kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Siku ya kuamkia harusi, asubuhi, mvua ikanyesha. Nilitoka mbio nikaone paa langu likikataa maji, na kweli lilikataa. Lakini mzee alikuwa amezilegeza komeo wakati wa jua, na sasa alipotaka kuzifunga, zilibaki hewani. Tukavuta mimi na Anastazi, tukaning'inia. Wapi! Pamba ikilowa inajikaza. Kwenye lori hiyo ni faida, maana lori halikunji paa lake. Hapa nilikuwa nimeshona ngoma mahali palipotakiwa mwavuli.

Skolastika alisimama mlangoni na shuka jeupe la kufunikwa mkononi. Hakulia. Aliuliza tu, "Kesho nitatoka wazi?"

Niliumia, haki ya Mungu. Hasira yote iliyonileta, na majivuno yote, nikaona yamekuwa kituko uani kwa watu. Mzee Filipo akaanza kusema atatafuta pikapu ya kuazima. Nikamkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mzee. "Baba, binti huyu atatoka na gari la mama yake. Nipeni koleo."

Nikang'oa misumari yote ya nyuma. Nikashona ukanda wa ziada, nikatoboa matundu, nikatia zile pete za shaba, na Anastazi akachomelea ndoano ndogo ndogo kwenye bodi. Kisha nikapitisha kamba kutoka pete hadi ndoano, pete hadi ndoano, kama kiatu. Turubai likikauka unakaza kamba, likilowa unalegeza. Tulilimwagia ndoo za maji, nikalegeza kamba, komeo zikaingia. Jua la alasiri lilipotoka tukalianika, nikakaza, komeo zikaingia. Anastazi akamwita mzee, "Njoo uone, mama fundi amevalisha gari buti!"

Siku ya harusi tulitoka Kasulo baada ya misa, watu wakiimba na gari likinguruma. Mzee Filipo mwenyewe kwenye usukani, kofia yake imepigwa pasi. Nyuma Skolastika amefunikwa shuka jeupe kichwa hadi magoti, pembeni yake msimamizi wake. Mimi mbele, kwa sababu ya kamba zangu. Barabara ya Benaco watu walisimama pande zote. Wale wa malori ya chakula walipiga honi. Mzee aliongeza mwendo, na nilimwona akitabasamu peke yake.

Karibu na Nyakahura mvua ikatukuta. Nikasikia turubai likijikaza juu yangu, na komeo zikaanza kulia. "Simama, mzee!" Nikashuka na kitenge changu cha sikukuu, nikazunguka nyuma, nikalegeza kamba pete kwa pete, maji yananitiririka shingoni. Komeo zikanyamaza. Ndani ya shuka nikasikia sauti: "Mama, umelowa."

"Mimi nimelowa, wewe umefunikwa. Ndivyo tulivyotaka."

Runazi tuliingia mvua imekatika, matope na jua pamoja. Watu wangu wote walikuwa uani kwa Laurenti: wanaonunua maturubai kwangu, wanaonisengenya, na wale wanaosema ninajisifu. Gari likazimwa. Bibi wa bwana harusi, kizee aliyeheshimiwa kijijini pote, akaja na fimbo yake mpaka ubavuni mwa gari.

"Karibuni. Shangazi wa binti yuko wapi, amfunue tumwone?"

Mzee Filipo akainamisha kichwa juu ya usukani. Nilijua anaiona Muyinga, alikoolewa dada yake. Nikaona ni bora nishuke kando, niwaachie wenyewe jambo lao la damu. Nilikuwa nimeshafungua mlango niliposikia sauti kutoka chini ya lile shuka, ya taratibu lakini kila mtu aliisikia.

"Shangazi yangu ni huyo aliyelowa."

Mzee Filipo akainua kichwa, akanitazama, macho yamejaa maji. "Ndiye," akasema. "Mfunue mwanao."

Nilifungua komeo ya kwanza, nikafungua ya pili. Nikasukuma, na mbavu zikalala nyuma moja ndani ya mwenzake, polepole, bila kukwama, mpaka jua likamwangukia Skolastika. Nikashika pindo la shuka kwa mikono iliyokuwa bado na nta, nikamfunua. Vigelegele vilivyopigwa Runazi siku ile, sijavisikia tena. Nami nilipiga vyangu, kwa sauti kubwa kuliko wote, na sioni aibu kusema.

Katika safari ile nilijifunza kufunga turubai kwa kamba badala ya misumari, na malori yangu yote sasa nayafunga hivyo. Nilijifunza pia kwamba mtu anaweza kuondoka kwao akitafuta sifa, akarudi na mtoto. Skolastika anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Kila asubuhi akienda kuchota maji hupita kibandani akasema, "Shikamoo, shangazi." Naweka shazia chini, naitika kwanza, ndipo naendelea kushona.