Zamu Aliyoiacha

Mimi sina subira na watu wagumu, na Mungu kwa utani wake akanipa kazi ya kutunza wazee. Mzee wangu wa Rockville, hapa Marekani, alikuwa Mwaustralia, askari wa miguu aliyepigana Vietnam na kutoka jeshini bila cheo, vilevile alivyoingia. Mkewe Mmarekani ndiye aliyemleta huku. Mke akafa, na sasa aliishi na binti yake, aliyefanya kazi ofisi moja kule Arlington. Kila asubuhi nilipanda basi kutoka kwangu Adelphi kwenda kugombana naye.

Nikimwambia aoge, ananipigia saluti ya dharau: "Ndiyo, koplo." Halafu hatoki kitandani, ng'o! Ya jana alikuwa hayakumbuki, lakini ya vitani yalikuwa mazima kichwani. Aliwahi kufungiwa kwa kumpiga koplo ngumi. Alibadilisha buti za serikali kwa bia. Siku moja alimvisha mbuzi kofia ya luteni, akampigia saluti mbele ya kikosi kizima. Wee! Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nilimpenda yule mzee, nisiseme uongo.

Lakini kila siku, mchana ukifika, aliuliza swali lilelile. "Mwenzangu amefika?"

Mwenzake alikuwa kwenye picha juu ya televisheni, kijana mwembamba asiye na shati. Alikufa kulekule Vietnam, binti aliniambia siku ya kwanza ya kazi. "Lakini akikuuliza, sema yuko njiani. Ukimwambia amekufa, atafiwa upya." Hata kwenye mafunzo yetu tuliambiwa hivyo, usibishane na mgonjwa anayesahau. Basi nikasema yuko njiani. Miezi saba mizima, yuko njiani.

Kisha mzee akakataa chakula. Alisema hatakula mpaka mwenzake afike, maana kuna neno lazima amwambie kwanza. Siku ya kwanza nilidhani ni kichwa chake kigumu cha kawaida. Siku ya tatu alikuwa anakunywa maji tu. Nikamuuliza, neno gani hilo, mzee?

Akanijibu akiangalia ukuta. Zamu ya ulinzi alfajiri ile ilikuwa yake. Aliiacha akaenda kutafuta bia, na mwenzake akakaa pale badala yake ili asiadhibiwe tena. "Nataka kumwomba msamaha," akasema. "Mbona anakawia?"

Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili asinisikie nikilia. Mimi najua kufichwa kifo. Mama yangu alipofariki Kakamega, ndugu zangu walinificha siku mbili. Kila nikipiga simu, ati amelala. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba akiwa peke yake. Nilifungua mlango Jumamosi nikakuta watu watano wa kanisa, hawakupiga simu, wamebeba chai na mkate, na nikajua kabla hawajafungua mdomo. Niliwakasirikia ndugu zangu vibaya sana. Lakini wale watano walikaa nami hadi jioni, na sikulia peke yangu.

Nikamwambia binti, "Dada, njia ya mwongo ni fupi, na sisi tumefika mwisho." Habari ya zamu sikuigusa, haikuwa yangu kuisema. Alikataa. Kesho yake baba yake alipokataa hata maji, akakubali.

Jumapili nilikuja na wamama wawili wa kanisa na chupa ya chai. Tuliingia polepole, tukaketi kumzunguka, na binti akamwekea baba yake mkono begani. Mzee akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa?"

"Mwenzako, mzee. Alikufa vitani. Hawezi kuja."

Nilijua atapiga kelele, na nilikuwa tayari kwa kelele. Akauliza tu, "Kwenye zamu yangu?"

"Zamu gani?" binti akaniuliza mimi.

Mzee ndiye aliyemjibu. "Ilikuwa yangu. Niliiacha nikaenda kunywa." Ndipo akalia, Mungu wangu, kilio cha mtu aliyefiwa leo. Binti aliuondoa mkono wake begani. Niliuona ukiondoka, na nikajilaani kwa kiherehere changu. Mmoja wa wale wamama alianza kuimba kwa sauti ya chini, mwingine akamimina chai. Mzee hakuinywa.

Jumatatu binti alinifungulia mlango, akaenda kazini bila kuingia chumbani kwa baba yake. Nilimketisha mzee jikoni nikaanza kumtengenezea supu. Alikuwa analia. Hakuuliza kama kuna mtu amefika. Habari ilikuwa imemtoka kichwani, kilio kikabaki.

"Koplo," akasema, "kwa nini ninalia?"

Nilikuwa na kisu mkononi. Mimi, niliyewatoa wamama kanisani kwa sababu ya ukweli, nilitazama mikono yake juu ya meza, na ukweli ukanishinda.

"Ni kitunguu, mzee."

"Aa," akasema, akajifuta kwa kiganja. Supu ilipoiva akafungua mdomo. Akala bakuli zima, na mimi nikamlisha nikijichukia kila kijiko.