Ufa Uliokuwa Ukirudi

Iko siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, ingawa mwaka wenyewe sina hakika nao. Uhuru ulikuwa bado, na masika yalikuwa yametukalia kweli huku juu Uluguru. Niliishi na bibi mzaa mama, kwenye nyumba ya udongo katika mteremko wa ukoo wetu. Pasaka ilikaribia, na desturi yetu ni msichana akandike nyumba upya, wageni wasije wakaona nyufa wakasema hapa hakuna mwanamke.

Nikakandika. Ufa mmoja ulitoka ukutani, ukakata sakafu, ukaenda nje mpaka kwenye migomba. Niliuziba jioni, asubuhi uko wazi. Nikauziba tena, asubuhi mkono wangu unaingia. Ukiinama pale, ulisikia maji yakinong'ona chini. Mlango nao ukakataa kufunga.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," bibi akasema. "Ziba, mjukuu wangu." Simlaumu. Kwa ukuta, ni kweli.

Mchana mmoja mjomba, kaka wa mama, akaja kututazama. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alikuwa akiangalia migomba, yote imeinama upande mmoja na upepo hakuna. Kijito chetu kilikuwa kimekauka, na mvua inanyesha.

"Nani anaziba ufa huu?"

"Mimi, mjomba. Nimeuziba vizuri."

"Vizuri sana! Mlima unakwambia ondoka, wewe unauziba mdomo."

Bibi akacheka. "Tangu lini unaongea na milima? Wazee wetu wamezikwa hapa. Siendi."

"Basi, mama, utabebwa kama mtungi wa pombe."

"Mtungi haupigi mateke!"

Naye bibi alimpiga mateke kweli, njia nzima, akiwa mgongoni kwa mjomba.

Tulipofika ng'ambo ya korongo tukageuka. Wengine husimulia kishindo, mimi sikukisikia. Mteremko uliondoka polepole, nyumba imesimama, migomba imesimama, kama watu wanaotoka bila kuaga. Halafu tope likavifunika. Ikabaki harufu ya udongo mbichi, na mwamba mtupu unaong'aa.

Mjomba alinieleza, nami naeleza nilivyoelewa, maana shule yangu ni ndogo: maji huingia kwenye ufa, udongo ukawa mzito, ukakuta mwamba chini yake unateleza. Hata tambarare tunayoiona kule chini, alisema, ni milima iliyoshuka kidogo kidogo kabla hatujazaliwa.

Makaburi nayo yalikwenda. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kila alipotaka kuwaombea wazee wake alisimama uani, asijue ageukie wapi.

Mwanangu, ardhi haijamaliza safari yake. Ukiona ufa unarudi, miti imelala, chemchemi imehama, usiwaonee wageni haya, wala usingoje kuelewa. Mbebe mzee wako, hata akikupiga mateke, mtoke. Maswali mtaulizana mkiwa salama. Mungu akulaze mahali palipotulia, na ukiamka upakute pale pale ulipopaacha.